Mahari ya Bi Nyirarukundo

Batsinda, Kigali
12 Januari 2025

Kwako Bi Mdogo Ikirezi, mke mwenzangu, uliyeniachia kaburi la mume wetu nilipalilie peke yangu,

Salamu ninazo nyingi, chukua unayoipenda. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia mvua ikikaribia, la kulia linalisikiliza tu. Baba yako Nizeyimana anazidi kunenepa na anazidi kunikataza kupanda pikipiki. Mama yako anasema ule. Paka amezaa ndani ya kapu langu la vitenge, na ukitazama rangi za watoto utajua baba yao si mmoja.

Utauliza mkono huu ni wa nani. Ni wangu. Shule sikuikanyaga, unajua, niliipita tu nikipeleka maziwa. Lakini Aurore, mkubwa wa ushirika wetu wa kushona, amenifundisha herufi kwa chaki ile ya kuchorea nguo. Mwaka mzima nimeandika juu ya vitambaa, sasa nimehamia karatasi. Usinitumie tena sauti kwenye simu. Kuta za Batsinda nyembamba, ukinong'ona habari ya ndoa jirani anakujibu. Barua nampa Cyriaque, dereva wa basi la Mwanza, anaiweka chini ya kiti pamoja na ndizi zake. Ikinuka ndizi, ujue ni mimi.

Sina jambo. Nauzoeza mkono tu.

Iko fundi wa cherehani anaitwa Usumani, mgane, wa kule Gikondo. Huja kutazama mashine za ushirika. Yangu aliitia mafuta Jumatatu, akaitia Alhamisi, juma lililofuata akalegeza skrubu akaikaza ile ile. Mashine haina ugonjwa wowote. Aurore anasema ikizidi mafuta itatuharibia nguo za watu. Wanawake wote wakacheka, mimi sikuona cha kuchekesha. Mzee mwenyewe simtaji tena. Ana meno yake yote.

Habari hasa ni harusi yako. Huyo mwalimu wako wa kemia, Shami, mmekwenda naye kupima damu? Wewe kazi yako ni kuwapima watu wa Mwanza na kuwashauri, hili halikupiti. Nijibu kwa neno moja, ndiyo au bado.

Mke mwenzako,
Nyirarukundo

Mwanza
2 Februari 2025

Shikamoo Bi Mkubwa,

Barua imefika, inanuka ndizi mpaka mwenzangu wa ofisini kauliza kama nimeficha chakula. Nimelia, Bibi. Mwandiko wako umelala upande mmoja kama watu walio kwenye pikipiki inayokata kona, lakini ni wako. Nimeubandika juu ya kitanda.

Huku tu wazima. Joto limezidi, umeme unakuja na kuondoka kama mpangaji mwenye deni. Nawasalimu baba na mama, waambie nakula.

Haya, tuje kwa fundi asiyetajwa. Mtu aliyetajwa mara moja kwa sifa ya meno, mimi namjua atakapoishia. Bi Mkubwa, mume wetu hajamaliza hata miaka tisa kaburini, na wewe unatiwa mafuta Jumatatu na Alhamisi? Naomba nishirikishwe. Mke mdogo naye ana haki zake.

Lakini acha nikuambie la kazini, na usinikasirikie. Kama jambo hili linaelekea kwenye ndoa, nendeni mkapime VVU. Hapa kwetu wanakuja wazee wa umri wako, wengine wamedhoofu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mzee apime. Vijana tunawaandama na mabango ya kupima, wazee tunawaamkia tu. Niliogopa kukuandikia hili. Nimeliandika.

Kwangu mambo yanasonga. Nimekodi viti vya bluu, vina vitambaa vyeupe na utepe nyuma. Ukumbi uko karibu na ziwa. Mpishi wa pilau ni yule aliyempikia dada yake Shami. Harusi Jumamosi ya kwanza baada ya wiki ya Idd ya kuchinja. Utakuja na basi la Cyriaque, siti ya mbele.

Mjukuu wako na mke mdogo,
Ikirezi

Batsinda
23 Februari 2025

Bi Mdogo, mwenye viti vya bluu,

Tu wazima, mvua iko, paka wamefumbua macho. Nimesoma habari ya viti, ya pilau, ya utepe. Neno moja nililoomba sikuliona. Nimegeuza karatasi, nikatazama nyuma, hakuna.

Sasa keti nikueleze vituko.

Wamekuja kuposa. Usumani, kaka zake wawili na sheikh, kofia zimepigwa pasi mpaka zinakata upepo. Walii wangu ni baba yako. Hebu fikiri, mtoto niliyemfuta makamasi anakaa kiti cha mbele kunioza mimi. Alitoka jasho utadhani mwali ni yeye.

Sheikh akasema, "Bi Nyirarukundo, mahari ni haki yako. Taja."

Baba yako akadakia, "Mama anaridhika na chochote."

Nikamwuliza, "Nizeyimana, unaolewa wewe?" Akashika biskuti.

Nikasema, "Mahari yangu ni kipimo. Mimi na Usumani tukapime ukimwi, siku moja, mlango mmoja, majibu tuyasikie pamoja. Ng'ombe sitaki, nitamlaza wapi Batsinda. Kitenge nashona mwenyewe. Nataka kipimo."

Mama yako alijifunika uso na sinia. Kaka mkubwa wa Usumani akasafisha koo, akasema, "Shemeji, watu wa umri wetu wanapimwa sukari na presha."

Nikamwambia, "Sukari hailetwi kitandani na mtu mwingine, shemeji."

Sheikh akakuna ndevu. Kisha akasema hata manufaa huwa mahari, mwanamke akiyaridhia, na yeye hajaona kitabu kinachomkataza mtu kuijua afya yake. Sheikh huyo nitamshonea kanzu.

Lakini Usumani akasimama. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichoniuma. Angekasirika ningemjibu. Alisema tu, "Nimekusikia, Bi Nyirarukundo," akatoka. Viatu amevaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, akaenda navyo hivyo hivyo mpaka barabarani, na sisi tunamtazama. Bisibisi yake ameisahau mezani kwangu.

Baba yako anasema nimemwaibisha mbele za watu. Labda. Sisi tulifundwa kwamba mke haulizi, mke anapika. Mdogo wangu hakuuliza. Tulimzika yeye na mumewe mwaka mmoja, na mpaka leo nyumbani wanasema ilikuwa malaria. Mimi siyo wa kuzikwa kwa malaria ya uongo.

Ushirika wamegawanyika. Nusu wanasema nimepoteza mume mwenye meno. Nusu wanataka kujua kama mahari hiyo inaweza kudaiwa na mwanamke ambaye tayari ameolewa. Aurore amesema inaweza.

Wewe, neno moja.

Nyirarukundo

Mwanza
10 Machi 2025

Shikamoo Bi Mkubwa, Ramadhani njema,

Nimesoma barua yako kazini nikacheka mpaka mlinzi akaja. Kisha nikawasimulia wanawake waliokuwa kwenye benchi wakisubiri, bila kutaja jina lako. Mmoja akasema, "Huyo bibi akija Mwanza niitwe nimbebee mkoba." Mwingine, aliyekuwa amekuja peke yake, akaondoka. Nikadhani nimemkera. Baada ya saa moja karudi, kamshika mumewe kwa mkono wa shati.

Mzee Usumani amerudi? Bisibisi usimpelekee. Aje mwenyewe.

Sisi tunafunga. Shami ana mitihani ya kusahihisha, tunaonana kidogo. Nguo yangu imekatwa, nimechagua rangi ya maziwa. Mvua bado. Mwenye viti amepiga simu kuuliza kama utepe uwe wa dhahabu au wa fedha, nimesema dhahabu.

Nawasalimu wote, hata paka.

Ikirezi

Batsinda
2 Aprili 2025

Ikirezi,

Idd ilikuwa njema. Tulikula, tukashiba. Wiki ya kuwakumbuka waliouawa mwaka ule wa tisini na nne inakuja, hapa tutakuwa kimya, nawe wiki hiyo usinitanie.

Amerudi. Alikuja kuchukua bisibisi, akakaa mpaka magharibi. Alisema jambo. Jambo lenyewe siyo langu kuliandika.

Nakuuliza la kazi yako, na leo wewe siyo mke mwenzangu, wewe ni mshauri. Iko mtu ana virusi. Anameza kidonge kila jioni, miaka mingi, haruki. Daktari amempima akamwambia virusi vimelala, kipimo hakivioni. Je, mtu huyo akioa, mkewe ataambukizwa? Niandikie kwa maneno ya jikoni, siyo ya ofisini. Andika herufi kubwa. Barua mpe Cyriaque mkononi, usimwachie utingo.

Shami sijamsahau.

Bibi yako

Mwanza
20 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako ilichelewa, Cyriaque aliharibikiwa njiani kule Kahama, nami sikutaka kujibu haraka haraka.

Maneno ya jikoni ni haya. Virusi ni kama mchuzi unaochemka ndani ya sufuria. Dawa ni mtu anayepunguza moto kila siku. Moto ukipungua vizuri mchuzi haufuriki, haumwagiki, haumfikii aliyekaa karibu. Mtu anayemeza dawa kila siku bila kuruka, na akapimwa hospitali ikaonekana virusi havionekani, na akaendelea hivyo, HAMWAMBUKIZI mwenzake kitandani. Nimeandika herufi kubwa. Sikubahatisha. Sharti ni asiache dawa na arudi kupimwa kila anapopangiwa. Na mwenzake naye awe anapima. Akitaka moyo utulie zaidi, kuna kondomu, na kuna dawa ya kumeza asiye na virusi ili ajikinge. Wamwulize nesi wote wawili, wamekaa pamoja.

Na huyo mtu, yeyote awaye, aliyekaa mpaka magharibi akalisema jambo lake kwa mdomo wake, mwambie nampa shikamoo.

Sasa neno lako moja. Bado.

Bibi, maneno haya ya sufuria nawaambia watu kila siku. Nawaambia wanawake, muulize, ni haki yako, asikutishe. Nikivua koti la kazini siwezi. Nilimgusia Shami mara moja, mwezi wa kumi na mbili. Akasema, "Kwa hiyo umekuja nyumbani kwa dada yangu kunishuku?" Akakaa wiki nzima hapokei simu. Nikaomba radhi. Mimi ndiye niliyeomba radhi, Bibi. Tangu siku hiyo tunazungumza viti.

Kadi zimetoka. Pilau imelipiwa. Dada yake ananiita wifi. Nitaanzia wapi?

Ikirezi

Batsinda
11 Mei 2025

Kwako Bi Mdogo, kutoka kwa mke wa mtu,

Mpe baba yako pole ukimpigia simu, bado hajapona tangu aniozeshe. Mimi ni mzima kupita kiasi. Magoti yote mawili yamenyamaza.

Usumani amesema, "Mwandikie, tena taja jina." Basi ni yeye. Mkewe alikufa, naye akapimwa, akaanza vidonge, na mpaka leo saa moja jioni akisikia muziki wa taarifa ya habari mkono unaenda mfukoni wenyewe. Siku ile ya posa hakukimbia kipimo, majibu yake alikuwa nayo miaka. Alikimbia sura yangu, namna itakavyobadilika akisema. Nikamwuliza, "Sasa umesema, sura imebadilikaje?" Akasema, "Umekunja midomo kama unatunga uzi kwenye sindano." Nikamwambia hiyo ndiyo sura yangu ya kufikiri, aizoee.

Nilifikiri siku nyingi, sikudanganyi. Barua yako ya sufuria ilipofika nikamsomea yeye kwa sauti. Akaniomba niisome tena. Fundi mzima anajifuta macho kwa kitambaa cha mafuta, akabaki na mstari mweusi usoni mpaka kwao Gikondo.

Tukaenda kituo cha afya, mlango mmoja kama nilivyosema. Benchi zima vijana. Nesi akatuuliza mjukuu yuko wapi. Nikamwambia mjukuu yuko Mwanza, leo wagonjwa wa mapenzi ni sisi. Vijana wakatupisha mbele. Nikachomwa kidole, tukasubiri tumeshikana mikono. Mimi sina virusi. Yeye, karatasi yake ya hospitali inasema vyake bado vimelala usingizi wa pono. Nesi akatueleza yale yale ya sufuria, ila yeye hana sufuria.

Kisha akaleta kondomu na uume wa kuchongwa kwa mti wa kutufundishia. Nikautazama ule mti. Nikamwambia, "Binti, seremala wa kitu hiki alikuwa na majivuno." Nesi akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Usumani akasema, "Twende nyumbani, mahari imeshalipwa."

Tukaanza na ndoa ya serikali kwenye ofisi ya sekta, nikashika bendera ya nchi nikaapa, afande mmoja akapiga picha kwa ajili ya mama yake. Ijumaa sheikh akafungisha. Baba yako alipofika kwenye "nimekuoza mama yangu" sauti ikapasuka kama ya mvulana. Wanawake wa ushirika wakapiga vigelegele wamesimama juu ya meza za kukatia. Nimecheza, Ikirezi. Nimecheza mpaka Aurore akaniambia niwaachie na wengine.

Sasa unauliza utaanzia wapi. Utaanzia mdomoni. Mahari ni yako, siyo ya Shami, siyo ya dada yake, siyo ya mwenye viti. Siku ya kutajwa wewe ndiye unayetaja. Usumani ana virusi na amenipa ukweli nikalala usingizi. Huyo wako labda hana hata kimoja, na wewe mwaka wako wote hujalala. Mtu akikwambia swali lako ni tusi, jua jibu lake linamwogopesha kuliko wewe.

Nenda ukapime na wewe, hata kama ni peke yako. Kisha uliza. Niandikie.

Nyirarukundo wa Usumani

Mwanza
28 Mei 2025

Shikamoo Bi Mkubwa, na shikamoo Babu Usumani,

Hongereni. Nimewasomea benchi zima, nikaruka pale pa seremala, wakagundua nimeruka, ikabidi nirudie.

Nimepima. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenichoma. Sina virusi. Nilikaa upande wa pili wa meza ambayo nimekaa nyuma yake miaka mitatu, na kiti kile ni kigumu, Bibi. Nimeomba wakiwekee mto.

Jumamosi wazee wa Shami walikuja kwa mjomba, anayenisimamia hapa Mwanza badala ya baba, kutaja mahari. Wakaniuliza. Nikasema yale yako, neno kwa neno, hata "mlango mmoja". Mjomba akamwaga chai kwenye kanzu. Dada yake Shami akasema, "Wifi, huo ni utani wa kazini." Nikasema siyo utani.

Shami akaniita nje. Nikamwambia kama unavyo virusi, kuna dawa, tutakaa, bibi yangu amekaa. Kama huna, tutajua. Mimi nimeshapima, majibu yangu haya hapa. Akasema, "Uchague. Harusi au hicho kipimo chako."

Bibi, mtu yule anawafundisha watoto kupima tindikali, tone kwa tone, na akikosea tone moja anaanza upya.

Nikachagua. Akachukua wazee wake wakaondoka, na viatu vyao walivaa sawasawa, kila mguu na chake.

Nimelia siku mbili. Siku ya tatu niliamka nikajikuta naimba bafuni, nikashtuka, nikadhani ni jirani. Nimelala, Bibi. Nimelala mchana kutwa kama paka wako.

Tatizo ni moja. Viti, ukumbi, pilau, vyote vya Jumamosi ile vimelipiwa na mwenye viti harudishi. Nimemwomba angalau aondoe utepe wa dhahabu.

Mke mdogo, asiye na mume wala hamu naye,
Ikirezi

Batsinda
1 Juni 2025

Bi Mdogo wangu, mtoto wa mwanangu, jiwe langu la thamani kama jina lako,

Salamu nitakupa kwa mkono. Baba yako alisoma barua yako amesimama, akaketi, akasema, "Huyu ni mjukuu wa mama." Mama yako ameuliza kama unakula.

Usimruhusu mtu kugusa utepe. Mwache mpishi apike. Mimi na Usumani harusi yetu tulifanyia kwenye meza za kukatia nguo, picha zote zina mkasi. Tunakuja na basi la Cyriaque, ushirika mzima, Aurore ameshakata tiketi, na Usumani amebeba vidonge vya safari na vya akiba. Njiani saa moja jioni Cyriaque atawasha redio.

Waalike wanawake wa benchi lako. Mwalike yule aliyemkamata mumewe kwa shati, aje naye. Mwenzako wa ofisini aje na vifaa vyake vya kuchoma vidole, tutampa meza karibu na pilau, anayetaka apime kabla ya kula.

Nguo yako ya rangi ya maziwa usiiweke. Vaa. Utanisindikiza ukumbini, maana wewe ni mke mdogo, na safari hii ni zamu ya mkubwa.

Viti vya bluu, mstari wa mbele, tuwekee viwili.

Bibi yako,
Nyirarukundo